Mvua Iliyonizuia Kwenda kwa Mama

Watu wakisikia niliwahi kuishi Kapalamsenga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wanatabasamu kana kwamba nimewaambia niliishi peponi. Wananiuliza habari za upepo mtamu wa ziwani. Upepo mtamu! Upepo niliokutana nao mimi uling'oa nyasi za paa langu, ukairusha mitumbwi hadi kwenye mihogo ya watu, na ukanifanya nimzae mtoto wangu wa kwanza mahali ambapo sikutaka kabisa kumzaa. Nimezeeka sasa, lakini hasira za msimu ule hazijazeeka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa binti wa Kawajense, Mpanda, baba yangu kibarua wa machimboni, na nilikuwa nimeolewa mwaka uliotangulia na mvuvi wa dagaa. Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi ukweni. Mimba ikifika mwezi wa saba, binti anarudi kwa mama yake, anapikiwa, anakandwa, anagombezwa, mpaka anajifungua. Mama alikuwa amekwisha kujiandaa. Alikuwa ameweka ulezi wa uji, amekandika upya chumba cha nyuma, na alinitumia salamu kwa dereva wa lori kwamba nikichelewa atakuja kunichukua kwa fimbo. Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: nijifungue mama yangu akiwa amenishika mgongo.

Kilichoanza kunizuia hakikuwa mvua, kilikuwa mwezi. Wavuvi wa dagaa hawahesabu siku kama watu wengine. Mwezi ukiwa mweupe, dagaa hawaifuati taa, basi watu wanapumzika na kushona nyavu. Mwezi ukipotea wanasema giza limeingia, na giza ndiyo kazi yenyewe. Mwaka ule karabai, zile taa za mafuta za kupampu, zilikuwa zimeingia karibuni, na kila mwenye karabai alijiona tajiri. Kila nilipomwuliza mume wangu tunaondoka lini, alinijibu, "Tumalize giza hili kwanza." Giza likaisha, likaja jingine. Likaisha na hilo. Tumbo langu halikuwa na habari za giza wala mbalamwezi, lilikuwa linahesabu siku zake lenyewe.

"Basi nipande lori peke yangu," nilimwambia.

"Peke yako! Ukashushwe kwenu kama gunia? Mke anapelekwa na mumewe. Na mume haendi kwa wakwe mikono mitupu."

Alitaka kwenda na tenga zima la dagaa waliokauka vizuri, wale wanaong'aa hadi mtu anawaza kuwavaa, ili Kawajense yote ijue kwamba binti yao hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Nilimwambia mama yangu hataki dagaa, ananitaka mimi. Alicheka. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini heshima ilimpanda kichwani kuliko pombe.

Giza la tatu lilikuwa jema. Dagaa walianikwa mchangani, kuanzia kwenye mitumbwi mpaka karibu na milango ya nyumba. Lori likaja kuchukua mizigo ya wafanyabiashara, na dereva akasema ataondoka kesho yake asubuhi. Nilikuwa katika mwezi wa nane. Nilifunga kifurushi changu, nikakiweka mlangoni, na tangu hapo sikutaka hata kukaa chini.

Alasiri ile ile, ziwa likabadilika rangi. Upande wa Kongo milima ilifutika, maji yakawa meusi, halafu upepo ukaja na mchanga ukitupiga usoni. Kila mtu alikimbilia dagaa wake. Nami nilikimbia, na tumbo langu lile, nikizoa kwa ungo, kwa kanga, kwa mikono. Hatukufika popote. Yakaanza kudondoka mawe ya mvua, moja moja kwanza, kila moja kama punje ya hindi, kisha makubwa kama karanga za maganda, kisha yakashuka yote kwa pamoja na tukaingia ndani tukipiga mayowe. Mama mkwe alichukua shoka akalitupa uani, makali yakitazama juu, ili liikate mvua. Ndivyo walivyofanya wazee wake. Mvua haikukatika. Ilipiga kana kwamba imekasirishwa, na mimi nilimtazama mama mkwe kwa jicho ambalo mke wa mtu hatakiwi kumtazamia mkwe wake.

Ilipotulia tulitoka nje, na watu wazima wenye ndevu zao wakashika vichwa. Ufuo wote ulikuwa mweupe, utadhani mtu amepasua magunia ya chumvi na kuyamwaga hadi milangoni. Baridi ilipanda kutoka ardhini. Nilikanyaga ile barafu nyayo zikauma, na tulipoanza kuwachambua dagaa katikati yake, vidole vyangu vikafa ganzi hata sikujua kama nimeshika samaki au jiwe. Wengine waliona ni ajabu ya kusimuliwa. Mimi niliona dagaa wa siku mbili za jua wamegeuka uji, nikaanza kulia kwa hasira, maana nilijua ni neno gani litakalofuata.

Dereva aliogopa mto. Kati ya Kapalamsenga na njia ya Mpanda kulikuwa na mto wenye daraja la magogo, na akasema haondoki asubuhi, anaondoka saa ile ile, kabla maji hayajajaa. Nilikuwa nimekwisha kuweka mguu mmoja kwenye lori. Mume wangu akakiteremsha kifurushi changu.

"Twende na nini?" aliniuliza, mikono imejaa dagaa waliopondeka.

"Twende na tumbo!" nilimjibu, na watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso. Lori likaondoka, na kesho yake tukasikia daraja limechukuliwa na maji.

Baada ya hapo mvua haikutupa nafasi. Wanaosema mvua ni baraka hawajawahi kuanika muhogo katika msimu kama ule. Ulioza kwenye mkeka, unga ukawa mweusi na ugali ukanuka. Kuni zilitoa moshi bila moto. Kanga nilizofua siku ya kwanza nilizivaa siku ya tano zikiwa bado mbichi. Paa lilivuja mahali pengi hata tukajua usingizi wa kukunja miguu, na mawimbi yalipiga usiku na mchana mpaka nikasikia kichwa kinapiga pamoja nayo. Mama mkwe alikuwa akiniambia, "Nyie watu wa huko juu mnaogopa maji." Nilimjibu kwamba siogopi, nimechoka. Kila siku nilimwuliza mume wangu mto ukoje, na kila siku alijibu bila kunitazama.

Siku moja mtu aliyekwenda kuutazama mto alirudi na habari. Ng'ambo, alisema, kuna mama mmoja mwenye mzigo kichwani, tangu asubuhi anapiga kelele za kulitaja jina la mume wangu.

Alikuwa mama yangu, amechoka kungoja. Alikuwa amepanda lori kutoka Mpanda mpaka njia ilipoishia.

Kwa mtu mwepesi, kufika mtoni ni mwendo wa saa moja. Mimi nilitembea kama saa mbili, mume wangu akiwa nyuma yangu, na alipouona mto alijificha kwenye matete, kwa sababu mkwe haonani na mama mkwe ana kwa ana hata mto uwe katikati. Basi nikasimama ukingoni peke yangu. Mama alikuwa upande wa pili, mdogo, amelowa, mzigo wa ulezi juu ya kichwa. Maji kati yetu yalikuwa mekundu, yanabeba migomba mizima. Aliniita. Niliona mdomo ukifunguka, lakini mto ulikuwa umezidi kunguruma na sauti haikufika. Nami nilimwita mpaka koo likauma. Akaweka mikono tumboni kwake, kuniuliza. Nikamwonyesha kwamba bado. Akanyoosha kiganja: subiri.

Nilikwenda siku tatu. Yeye alikuwa amepata hifadhi kwa wakulima wa upande ule, na kila nilipofika nilimkuta amesimama pale pale. Siku ya nne niliamka nikavaa niende tena, nikashindwa kuvuka kizingiti. Uchungu ulikuwa umeanza.

Mama mkwe alinizalisha, na nitasema ukweli: alikuwa na mikono ya kujua. Kila paa lilipoanza kuvuja juu yangu alinihamishia kona nyingine, akatega sufuria, akaniambia nivute pumzi. Nilipozidiwa nikapiga kelele, "Mama!" Yeye akajibu, "Nipo." Nikamwambia, "Si wewe!" Alinifuta jasho usoni, akaendelea na kazi. Saa ya chakula cha mchana alikuwa ameshika mtoto wa kike.

Siku ya tatu baada ya kujifungua kwangu, maji yalipungua, na wanaume wawili wakamvusha mama yangu, maji yakimfika kiunoni. Nilisikia hodi yake nje ya mlango. Nilipiga kelele kama mtoto, "Ingia! Mama, ingia!"

Hakuingia.

Kwao mama, mwanamke haingii katika nyumba ambamo mkwewe wa kiume analala. Ni aibu ambayo haitamkwi. Nasi tulikuwa na nyumba moja, mlango mmoja, na mume wangu alikuwa ndani anashona wavu. Hakuweza kutoka maana angekutana naye uso kwa uso. Na mtoto hakuweza kutolewa nje, kwa sababu kitovu chake kilikuwa hakijaanguka. Kwa hiyo mama yangu, aliyesafiri njia yote ile, akakaa chini ya upenu, hatua tano kutoka kitandani kwangu, akaniuliza hali kupitia ukutani. Nikamwuliza kama ana akili. Akanijibu nimheshimu mume wangu.

Ndipo mbingu zikapasuka tena. Yakaanza mawe. Niliyasikia yakigonga nyasi, kisha nikayasikia yakigonga kitu kingine, na nikajua ni mzigo wa ulezi ambao mama alikuwa ameuweka kichwani kujikinga. Nililia. Nilimtukana mume wangu, nikaitukana mvua, nikayatukana magiza yote matatu.

Mama mkwe alisimama. Alitoka na kanga, akamfunika mama yangu kichwa mpaka magotini, akamgeuza atazame ukuta. Kisha akarudi ndani, akachukua mkeka wa mwanawe, wavu, karabai na kofia, akavirundika vyote mikononi mwa mume wangu.

"Toka," alimwambia.

"Mama, mvua ya mawe hii."

"Nimesema toka na kila kilicho chako. Sitaki kubaki hata uzi wako humu. Kuanzia leo hii si nyumba yako, ni yangu, na mimi namkaribisha mkwe wangu."

Mume wangu alitoka. Nilimwona akipita mlangoni ameinama, karabai kifuani, mawe yakimpiga mgongoni, akikimbilia kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Sikumwonea huruma hata kidogo. Mama mkwe akafagia mahali alipokuwa analala, akatupa takataka nje, akasema kwa sauti kubwa, "Karibu kwangu, mkwe."

Mama akaingia. Alikuwa anatetemeka, na barafu ilikuwa bado imenasa kwenye nywele zake. Mama mkwe alimnyooshea mtoto, lakini yeye akampita, akaja kupiga magoti kando yangu, akaweka mikono yake ya baridi mgongoni kwangu. Nilikuwa nimeingoja mikono ile miezi mitatu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri ya kumwambia. Badala yake nilimsukuma.

"Umechelewa," nilimwambia. "Nimekuita hukuja. Umechelewa!"

Mwanamke yule alikuwa amesimama siku ngapi ukingoni mwa mto, amelala kwa watu asiowajua, amepigwa na mawe mlangoni kwangu kwa ajili ya heshima ya mume wangu. Angeweza kuniuliza ni nani hasa aliyechelewa. Hakuniuliza. Aliirudisha mikono mgongoni kwangu, akaanza kukanda taratibu.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Nimechelewa. Nisamehe."

Na mimi nikanyamaza, nikamwacha aombe msamaha.