Kidude Kilichoharibu Redio ya Mama

Tangu baba afariki, mama yuko peke yake kijijini Mpitimbi, na mimi niko peke yangu mjini, Ruhuwiko. Kazi yangu ni kuchora bodi za saketi, zile za ndani ya vifaa vya umeme, kwa watu wa mbali nisiowahi kuwaona. Siku nyingine naongea na paka wa jirani tu.

Mama nilimtengenezea kidude cha mlangoni. Akifungua mlango asubuhi, simu yangu inapata ujumbe, najua ameamka salama. Ndiyo ilikuwa salamu yangu ya siku.

Asubuhi moja ujumbe haukuja, na simu yake haikupatikana. Niliendesha pikipiki hadi Mpitimbi roho mkononi. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi, redio iko kando yake. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, na kidude alikuwa amekichomoa na kukiviringishia kanga.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso.

“Hicho kitu chako kinaikoromesha redio, mwanangu,” akasema. “Matangazo ya vifo siyasikii. Mwenzangu wa jumuiya kazikwa, sikwenda.”

Kukosa maziko ya mwenzio kijijini si jambo dogo. Watu walikuwa wameanza kumsalimia kwa ubaridi. Niliona aibu.

Kosa lilikuwa langu. Chipu iliyo ndani ya kidude huwaka na kuzima kwa kasi mno, na kila mara hugugumia umeme kwa pupa. Kapasita, vihifadhi umeme vidogo, ndizo huiwekea umeme karibu, kama mtungi wa maji jikoni. Mimi, kwa kupenda unadhifu, nilizipanga zote kwa mstari ukingoni mwa bodi, mbali na miguu ya chipu. Tena shaba ya ethi chini yake, ambamo umeme hurudia, niliikata ili kupitisha waya mmoja wa saketi. Umeme ukazunguka mbali kurudi, na mzunguko ule ukawa antena inayorusha mkoromo redioni. Huko Ruhuwiko sikuwahi kuwasha redio karibu nayo. Kwa nini niwashe, na sina redio?

Nilichora upya. Kapasita nikazisogeza hadi kwenye miguu ya chipu, ethi nikaiacha nzima. Kila Jumamosi nilipeleka bodi ya kujaribu. Mama alizungusha kitafutio cha stesheni, akatega sikio, akatikisa kichwa, kisha akapika ugali na maharage tukala pamoja. Nilirudi mjini na kasoro mpya na tumbo limeshiba.

Hatimaye bodi ikanyamaza kabisa. Mama akakirudisha kidude mlangoni, na ujumbe ukaanza kuja tena kila asubuhi. Nikaona hakuna haja ya safari.

Juzi nilimpigia kuuliza kama redio bado inasikika.

“Inasikika vizuri sana,” akasema. “Ila ilipokuwa inakoroma, ulikuwa unakuja.”

Nilibaki na simu sikioni, nikiisikia redio yake kule nyuma, ikisoma majina ya marehemu, safi kabisa.