Mama Anataka Nichomwe Shavu, Daktari Anataka Kunikata

Admin, nifiche vizuri, maana hapa Garissa ukikohoa nyumbani unaulizwa hali sokoni. Mimi ni mama wa watoto wanne, miaka thelathini na sita, naishi Waberi na nauza miraa. Naandika nikiwa na hofu kubwa, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Muuza miraa lazima naye atafune. Mzigo ukifika wateja wanakuangalia wewe kwanza, na usipoweka mdomoni watasema umewaletea ya jana. Mimi huweka shavu la kushoto, na nikichoka nachanganya na tumbaku kidogo, hapo hapo. Mwaka jana nikaona ndani ya shavu hilo doa jeupe, kama utando wa maziwa. Nikasugua kwa mswaki, halikutoka. Nikasugua kwa chumvi, likabaki. Haliumi, haliwashi, basi nikaliacha. Hata nilikuwa nawatania wateja kwamba nimeota mvi mdomoni. Siku hizi mteja akinikumbusha utani huo, nageuka kupanga mzigo.

Baada ya Ramadhani sehemu ya doa ikawa nyekundu na ngumu, nikila pilipili natokwa na machozi. Nikaenda hospitali. Daktari wa meno akakata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yaliporudi alifunga mlango kwanza, na hapo nikajua. Akanieleza kwamba madoa meupe kama lile mengine hukaa tu bila kugeuka, lakini langu limegeuka, ni saratani.

"Bado ni ndogo, mama," akaniambia. "Tukikata sasa tutakata kidogo. Ukingoja, sijui tutakata mpaka wapi."

Akaniambia pia niache miraa na tumbaku siku hiyo hiyo. Nimeacha, wallahi, ingawa bado nauza.

Nyumbani nilimwambia mama yangu, ambaye naishi naye. Alilia, halafu akainuka akaagiza aitwe mzee anayechoma wagonjwa. Kwetu ukiumwa ini, mgongo, hata kichwa, unachomwa kwa kijiti cha moto na alama inabaki. Mama anasema shavu lichomwe kwa nje, ugonjwa utatoka. Nikataja upasuaji, uso wake ukabadilika.

"Kisu hapana," akasema. "Kisu iliua dada yangu. Ukienda kwa kisu, radhi yangu usitafute."

Dada yake huyo, habaryar wangu, yaani mama mdogo, aliugua mdomo kama mimi. Mama humsimulia kila mtu kwamba aliingia hospitali akiongea akatoka amefunikwa shuka. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Nilimwona akichomwa. Kidonda cha nje kikapona, sote tukamshukuru Mungu, kumbe ndani ugonjwa unaendelea. Akachomwa tena. Alipelekwa hospitali wakati hata uji haupiti. Na mara zote mbili, aliyemshika kichwa asitikisike ni mama.

Sasa nitamwambiaje? Nikisema si kisu kilichomuua habaryar, nitakuwa nimesema ni nani aliyemchelewesha. Mama ni mtu mzima, ana presha, na anamlilia dada yake mpaka leo. Neno hilo linaweza kumwangusha. Nikinyamaza, nachomwa. Mume wangu yuko Eldas na mifugo. Nilimpigia nikitumaini atanitetea, akasema nimsikilize mama, maana mama ugonjwa huu ameshauona.

Maumivu siyaogopi, nimezaa mara nne. Naogopa kufa niwaache watoto. Naogopa pia kupona huku mama yangu hanisemeshi, maana radhi ya mzazi si kitu cha kuchezea. Kila nikimeza mate ulimi unakwenda wenyewe kuligusa lile gumu, na naona kama limekua.

Mzee anakuja Ijumaa baada ya swala. Nafasi yangu ya upasuaji ni wiki inayofuata. Jana jioni mama alinisuka nywele taratibu, akazivuta zote nyuma zisije zikashika moto. Akaniambia nisiogope, kichwa atanishika yeye mwenyewe.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliopitia ugonjwa huu, nishaurini kabla ya Ijumaa. Nifanye nini?