Mipira ya Bulu ya Muhumba

"Mungoje mwaka kesho. Hakuna arusi itafungwa Bukavu bila kupita kwangu Muhumba. Ua moja, dola moja." Grégoire aliyasema hayo baada ya misa, kwenye uwanja wa parokia, mbele ya kwaya nzima, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.

Mbegu zilitoka Ubelgiji, kwa shemeji yake. Picha ya pakiti ilionyesha ua la bulu, la mviringo kama mpira, juu ya shina refu lenye miiba. Ofisi alikokuwa comptable, mshika hesabu, ilikuwa imefungwa tangu waasi waanze vita ya pili, kwa hiyo nafasi ya kulea maua alikuwa nayo tele. Alizipanda kwenye makopo ya sardini, akazifunika udongo kidogo tu, akawa anazinywesha kwa kijiko kama mtoto mwenye malaria. Zilipopata nguvu akazihamishia bustanini, safu mbili zilizonyooka kuliko barabara yoyote ya mji ule.

Mwaka ukapita. Yakaja majani, kisha majani mengine, yenye miiba, meupe upande wa chini. Grégoire alimweleza kila aliyepita kwamba maua haya hukaa ardhini miaka na miaka, na mwaka wa kwanza hutengeneza mizizi tu. Jirani yake Mugisho akasema wakubwa wa mji nao wanatueleza hivyo hivyo, kisha akamwita Papa Miiba, na jina likamganda.

Mtu mmoja tu hakuelezwa. Huyo alikuwa mama wa mke wake, Maman M'Cirhuza, aliyekimbilia kwao baada ya watu wenye bunduki kuchoma nyumba yake huko Walungu. Kwa Bashi, kabila lao, mwanaume hapigi soga na mama mkwe. Anamsalimia, anampisha njia, basi. Kwa heshima hiyo wakaishi nyumba moja miezi mingi bila mama kujua kwamba ile miiba ilikuwa mali.

Asubuhi moja mama, ambaye hakuzoea kula mahali bila kushika kazi, akaamua kushukuru. Kwao, miiba mbele ya nyumba inamtangaza mwenye nyumba kuwa mvivu. Akachukua jembe, akang'oa safu zote mbili, mizizi iliyogoma akaikatakata, akaacha udongo safi kama meza ya padri.

Grégoire alitoka na kikombe cha chai mkononi. Heshima ya miezi yote ile ikamtoka kwa pumzi moja.

"Hii unatupa, ua moja tu linapita bei ya chakula yote umekula humu tangu ufike!"

Nyuma ya uzio, Mugisho aliacha kupiga mswaki. 

Maman M'Cirhuza aliegemeza jembe ukutani, akaingia kufunga mzigo wake. Yolande, binti yake, alilia na kumshika nguo, haikusaidia. Akaondoka siku hiyo hiyo na wanawake wa soko kurudi Walungu, kwa barabara ambayo hata wanajeshi walikuwa wakiiogopa. Yolande alimwambia mumewe jambo moja tu: "Mama alikuwa anakula kidogo ili watoto washibe. Na weye ulikuwa unahesabu."

Mvua iliporudi, udongo ukapasuka. Kila kipande cha mzizi kilichokatwa na lile jembe kilichipua, na mahali pa mmea mmoja ikasimama mitatu. Msimu uliofuata bustani nzima ikawa mipira ya bulu. Akina mama wa kwaya walikuja kuulizia maua ya arusi. Grégoire aliwajibu kwa kuangalia chini kwamba hayauzwi, akakata yaliyo mazuri kuliko yote, akapanda basi ya Walungu.

Alimkuta mama mkwe nyumbani kwa dada wa huyo mama, ameinama kwenye moto. Akaweka maua mlangoni. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalibaki machache: "Mama, unisamehe. Turudi nyumbani."

Mama hakuyatazama maua. Alimwekea kiti, bugali na sahani ya maharagi iliyojaa hadi ukingoni, akageuza uso ukutani kama desturi inavyotaka.

"Kula, mukwe. Huku hatuhesabu."

Akala yote, peke yake, huku mbuzi wa jirani akinusa ile mipira ya bulu na kuiacha. Kisha mama akamtakia safari njema, akarudi kwenye moto wake.

Siku ile, kwenye soko la Walungu alikopita akirudi, kopo moja la maharagi liliuzwa faranga themanini, bei ambayo wengi hawakuiweza.