Ukuta wa Mlangoni na Ukuta wa Dirishani

Juzi nilitoka Mbeya kwenda Mafinga kutafuta mbao za kupaulia nyumba yangu ya mtaa wa Soweto. Nilipokanyaga tu stendi, harufu ya paini mbichi ikanirudisha darasa la sita. Jamani, pua haina adabu! Nimefuata mbao, najikuta nimesimama nje ya shule yetu kama mtoto aliyesahau alichotumwa.

Enzi zile, asubuhi tulibeba maranda kutoka kiwanda cha mbao kwa ajili ya jiko la shule, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mfukoni kiazi cha moto cha kupashia mikono. Ijumaa mwalimu wa Kiingereza alikuwa na mchezo wake. Anaandika neno kwa chaki ukuta wa mlangoni, na lingine linalofanana nalo ukuta wa dirishani. Anasoma sentensi yenye pengo, nasi tunakimbilia ukuta wenye neno linalofaa. Kusema kweli tulifuata mkumbo tu. Alikokwenda mwenzangu wa dawati, binti mpole aliyelelewa na bibi yake, darasa zima lilikuwa nyuma yake, maana hakuwa mtu wa kukosea.

Ijumaa moja mwalimu akaandika "hope" mlangoni na "expect" dirishani. Akafafanua: la mlangoni, unalitaka jambo ila huna hakika, la dirishani, una sababu ya kujua litatokea. Sentensi yenyewe ilihusu mama anayekuja Jumamosi. Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua kwamba mama wa mwenzangu alikwenda Mbeya kuuza mitumba soko la Mwanjelwa, na kila mara anatuma salamu kwamba anakuja, haji. Sisi tulijua. Siku hiyo hatukumfuata; tulijazana mlangoni, yeye akaenda dirishani peke yake.

"Kwa nini huko?" mwalimu akauliza.

"Amesema anakuja, mwalimu. Jumamosi hii."

"Basi uko sahihi."

Jumamosi nilimkuta stendi, sketi imepigwa pasi, uso unang'aa mafuta, mkononi mahindi mawili ya kuchoma, moja la kwake na moja la mama. Mabasi ya kutoka Mbeya yalikuja yakapita. Jioni bibi yake alimfuata, akamfunika kitenge mabegani. "Twende mjukuu wangu, ugali unapoa."

Ijumaa iliyofuata maneno yalikuwa mengine kabisa, siyakumbuki. Kabla sentensi haijasomwa, mwenzangu alishasimama mlangoni.

"Mbona bado sijasoma?" mwalimu akacheka, na darasa likacheka. Yeye hakusogea. Loh! Inaniuma mpaka leo kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kusimama naye.

Baada ya likizo hakurudi shule. Wengine walisema kachukuliwa na shangazi yake Iringa, wengine Makambako. Bibi alishafariki, mwalimu alihama, na darasa letu limevunjwa. Pale pamejengwa jengo la vioo, zuri tu, ila silijui.

Mimi siku hizi naandika Kiingereza ofisini kutwa nzima, na yale maneno mawili siyachanganyi kamwe. Kabla ya kupanda basi nilimwachia namba yangu mama muuza duka jirani na shule, ikitokea mwenzangu akapita. Tangu hapo simu ikilia naikimbilia. Ukiniuliza nimesimama ukuta upi, rafiki yangu, niko mlangoni, na hata mimi sina wa kusimama naye.