Siku Bamurange Alipomkamua Gaju

Bamurange alizaliwa katika milima ya Minembwe, huko Kongo, kwenye boma la ng'ombe wengi, na mpaka mvi zilipomwota hakuwahi kushika chuchu ya ng'ombe. Kwao mwanamke huosha vyombo vya maziwa, huvifukiza moshi, hutikisa kibuyu hadi siagi itoke. Kukamua ni kazi ya mwanamume. Mwanamke akikamua, ni kama anatangaza kwamba mume wake amekufa na hana mtoto wa kiume karibu.

Ng'ombe wa kule waliishia vitani. Hapa Buffalo, Amerika, yeye na mume wake Ngarambe walikodi nyumba ya zamani kwenye mashamba ya kusini mwa mji, wakafuga mbuzi wachache na ng'ombe mmoja wa kahawia, Gaju. Gaju alikuwa amezaa karibuni, ndama akafa. Ngarambe alimkamua kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, na jioni akirudi.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka 2014, redio ilisema theluji kubwa inatoka ziwani. Sikuwa na zamu kwa wazee ninaowatunza, nikaacha watoto na baba yao mjini, nikaenda kumsaidia rafiki yangu Bamurange. Ngarambe alikuwa ameshakamua na kuondoka.

Tuliwaingiza mbuzi zizini, tukamwaga majani makavu mpaka yakafika magotini, tukasogeza chakula, tukajaza maji kwenye mapipa. Mimi nikachukua mablanketi nizibe matundu ya juu ya ukuta.

"Acha hayo, Mama Chimène."

"Baridi itaingia!"

"Na pumzi yao itatokea wapi? Wakilowa jasho lao wenyewe, kesho wote wanakohoa. Bon, ziba huku chini, upepo unakopiga."

Mwisho tulifunga kamba ndefu kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa zizi. Nilicheka, nikamuuliza kama anaogopa zizi litatoroka. Asubuhi sikucheka. Nje palikuwa peupe tu, hata zizi halikuonekana. Tulienda tumeishika kamba ile kwa mikono miwili. Nilikuwa nimepiga simu nyumbani, na binti yangu Chimène akaniambia kwao jua linawaka. Nilidhani ananidanganya ili nisihangaike; kumbe theluji ya ziwani huangukia upande mmoja tu wa mji.

Ngarambe hakuwa amerudi. Barabara ilifungwa jioni, naye alikuwa ndani ya gari lake, amekwama katikati ya malori. Redio ilikuwa imetaja mtu aliyekutwa amekufa kwenye gari lililofunikwa na theluji. Bamurange aliizima.

Kiwele cha Gaju kilikuwa kimevimba, kigumu, kinawaka moto. Alirusha mateke hata upepo ulipomgusa.

"Kikikaa hivi kitaoza," Bamurange alisema. "Homa itamuua. Kamua wewe. Wewe si mtu wa milimani."

"Mimi? Kwetu Bukavu maziwa tulinunua!"

Nilijaribu. Gaju aliipiga ndoo, akaniangusha kwenye majani.

"Unamvuta kama kengele ya kanisa," Bamurange alisema, lakini uso wake haukucheka.

Mtoto wake Mizero alipiga simu kutoka mji wa Columbus. "Mama, kamua tu. Hapa Amerika nani anaangalia mambo hayo?"

"Nyamaza wewe. Baba yako yuko kwenye theluji, halafu mimi nikakae kwenye kiti chake?"

Hapo ndipo nilielewa. Hakuogopa aibu. Aliogopa kumzika mume wake kwa mikono yake.

Alimpigia Ngarambe mwenyewe, akamweleza.

"Mama Mizero, niko hai. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Donc basi, mimi ndiye ninakamua. Niweke karibu na sikio lake."

Bamurange alifungua spika, akaitia simu kwenye mfuko wa koti, kifuani. Ngarambe akaanza kumsifu Gaju kwa lugha yao, kama wanaume wa milimani wanavyosifu ng'ombe: pembe zake, mwendo wake, mabonde ambayo Gaju hajawahi kuyakanyaga. Masikio ya ng'ombe yaligeuka. Bamurange alikaa kwenye kiti kifupi, akanawa mikono, akaanza. Maziwa yakalia kwenye ndoo.

"Yanatoka?"

"Yanatoka."

"Usivute. Bana."

"Nabana. Wewe endelea kusema."

"Kumbe unaweza! Miaka yote hii naamka mapema bure."

Halafu sauti ilikatika katikati ya neno. Bamurange alitoa simu, akapiga, akapiga tena. Hakuna. Nikamwambia labda ni chaji. Nilifikiri atasimama aiache kazi. Alirudisha simu kifuani, akashika chuchu, akaanza kusifu yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, kuanzia pale mume wake alipoachia.

Tangu hapo hatukumpata. Alikamua jioni, akakamua tena kulipokucha, kila mara akisifu. Maziwa hakuyaonja wala kunipa mimi. Aliyaweka nje yagande. "Ni ya Baba Mizero," alisema.

Jioni ya siku hiyo Ngarambe alikuja kwa miguu, nyuma ya gari linalosukuma theluji. Mimi ndiye nilimwona kwanza, amesimama mlangoni mwa zizi, ameshika kamba yetu, ndevu zimeganda. Aliweka kidole kwenye midomo yake ili ninyamaze. Bamurange alikuwa amempa mgongo, anakamua, anasifu. Alipofika kwenye pembe, akakosea.

"Pembe hazisifiwi hivyo," Ngarambe alisema.

Mikono ya Bamurange ilisimama. Hakugeuka.

"Umechelewa."

"Barabara."

"Kiti chako hiki hapa."

"Maliza," alisema Ngarambe. "Imebaki chuchu moja."

Akamaliza. Kisha aliegemeza paji la uso kwenye mbavu za Gaju, akakaa hivyo, mabega yakitikisika, na Ngarambe akasogea kuishika ndoo ili isimwagike.