Logbuku Iliyofukizwa Udi

Bi Sheikha hakuwa mtu wa kutulia siku zile. Alifagia uani, akarudi akafagia palepale. Alibandika chai akaisahau mpaka ikakauka sufuriani. Jirani alikuja kuomba chumvi, akampa sukari. Watu wakasema ni joto. Mwenyewe alijua ni logbuku.

Mtaani Shela, pale Malindi, hakuna asiyemjua kwa udi. Anaupika mwenyewe, kwa sukari na mawaridi na vijiti vyake, na watu humletea vitu awafukizie: nguo za arusi, vijinguo vya mtoto wa arubaini, hata cheti cha kijana anayekwenda kutafuta kazi, kisije kikapatwa na jicho. Huvipanga juu ya tenga la fito, chini akaweka chetezo, akasimama hapohapo mpaka moshi uingie. Hajawahi kuunguza hata uzi. Ndiyo sifa yake, na ndiyo riziki yake tangu afiwe na mumewe.

Sasa pikapu ya mdogo wake, Mahmood, anayekaa naye na kubeba maembe na mihogo kutoka Kakuyuni, ilikuwa imeanza visa. Leo tairi, kesho breki, na juzijuzi iligongwa na bodaboda kule Gongoni ilhali imeegeshwa. Bi Sheikha akasema hili si bure, gari limetupiwa jicho. Lakini gari zima halipandi juu ya tenga. Basi Mahmood alipotoka kwenda msikitini, dadake akafungua kabati, akaitoa logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, pamoja na mfuko wake wa nailoni, akailaza juu ya moshi.

Mara Hannah muuza mchicha akabisha hodi, na Hannah akishaanza habari za mkwewe hana kituo. Bi Sheikha yuko mlangoni anacheka, pua ikamwambia: huo si udi, hiyo ni plastiki. Alipofika ndani, nailoni ilikuwa imeyeyukia makaani na karatasi imekuwa jivu. Alifungua madirisha yote, akatia udi mwingi kupita kiasi.

Mahmood akarudi, akavuta pumzi. "Mashallah, dada. Leo umefukiza kwelikweli."

Bi Sheikha akalifunika jivu la chetezo. Angesema palepale, yangekwisha. Ila alimwonea haya mdogo wake, na zaidi aliuogopa mtaa. Mfukiza udi aliyeunguza, nani tena atampa nguo ya biharusi?

Haikupita muda, hoteli moja ya Watamu ikampigia Mahmood simu. Kazi ya kuwabebea mboga ipo, alete nakala ya logbuku. Mahmood akaipindua nyumba. Alitafuta kabatini, chini ya godoro, chini ya viti vya gari. Hakumshuku mtu, alijilaumu mwenyewe. Kijana wa saiba, pale watu wanapojaziwa fomu za serikali kwa kompyuta, akamweleza njia: aende polisi aandikiwe karatasi ya mali iliyopotea, kisha aape mbele ya wakili, ndipo aombe nyingine. Mahmood akaenda polisi.

"Kesho naapa," alisema jioni ile, "halafu iliyobaki ni kungoja."

Bi Sheikha aliacha kukuna nazi. Mdogo wake si mtu wa viapo. Sokoni wenzake hummwagia mteja wallahi kwa kila embe, yeye husema tu, "Likiwa bovu lirudishe."

"Kwani lazima uape?"

"Ndiyo sheria."

"Si useme tu imepotea?"

"Ndiyo hiyo nitakayoiapia, dada. Imepotea, sijui ilipo. Si kweli?"

"Nazi hii haina tui," akajibu Bi Sheikha.

Asubuhi akavaa buibui, akasema wanafuatana.

"Kwa wakili? Unakwenda kufanya nini?"

"Kunyoosha miguu."

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Mezani alikuwapo karani, msichana aitwaye Nyaboke, na kwenye benchi Bi Raiya, aliyefuata mambo yake ya kiwanja. Nguo za arusi za bintiye Bi Raiya zilikuwa nyumbani kwa Bi Sheikha zikingoja kufukizwa. Wakaamkiana.

Nyaboke akamsomea Mahmood alichopiga chapa: "Naapa ya kwamba logbuku hiyo imepotea mahali nisipopajua. Ni sawa? Utashika msahafu?"

"Nitashika. Ngoja nishuke nikatie udhu."

Mahmood akashuka. Bi Sheikha akakaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi akakaa. Alijiambia dhambi haitakuwa ya Mahmood, kwa kuwa hajui. Ikiwa si yake, basi ni ya nani? Akasimama tena.

"Bi Sheikha, una siafu?" aliuliza Bi Raiya.

Mahmood akaingia, mikono ya kanzu imekunjwa, maji yanamchuruzika viwikoni. Wakili naye akatokea chumba cha ndani na kalamu yake. Mahmood akaunyoosha mkono.

"Usishike!" Sauti ilimtoka Bi Sheikha kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Haikupotea."

"Iko wapi?"

"Haipo. Niliifukiza, ikaungua."

Nyaboke akainua kichwa. "Umefanya nini, mama?"

"Nimeifukiza udi."

"Logbuku?"

"Gari lilikuwa na jicho!"

Nyaboke aliuma midomo, kicheko kikapitia puani. Wakili yeye alicheka wazi, akajipangusa macho. Bi Raiya hakucheka.

"Na nguo za mwanangu ziko kwako," alisema.

"Ziko salama, Bi Raiya."

"Logbuku nayo ilikuwa salama. Nitamtuma mtoto azifuate adhuhuri."

Bi Sheikha alimtazama Mahmood, aliyekuwa akikunjua mikono ya kanzu taratibu.

"Dada, ungeniacha niape?"

"Si nimekukataza?"

"Umenikataza mkono ukiwa njiani."

Nyaboke akaichana ile karatasi. "Hii haifai tena. Aliyeiunguza ndiye wa kuapa. Ni wewe, mama. Kazi yako?"

Bi Sheikha alitazama dirishani. Bi Raiya alikuwa bado pale, masikio yakiwa kazini.

"Natengeneza udi. Nafukizia watu nguo zao."

Yote yakaandikwa, hata vile alivyoondoka kwenda mlangoni akaliacha tenga peke yake.

"Una udhu?" Mahmood akamwuliza.

"Nilitia kabla hatujatoka nyumbani."

Mahmood mwenyewe akamsogezea msahafu. Bi Sheikha akaapa.

Ile karatasi ya polisi nayo haikufaa tena, kwa kuwa ilisema imepotea. Wakarudi kituoni, wakakuta foleni imefika nje. Simu ya Mahmood ikalia, ni ile hoteli ya Watamu.

"Bado, bosi. La, haikupotea, imeungua. Iliungulia nyumbani kwetu. Nani? Sisi wenyewe. Haya, kama ni hivyo, kheri."

Akaitia simu mfukoni. Bi Sheikha alikuwa amekwenda hadi langoni na kurudi, amekwenda tena na kurudi, jua limempiga usoni.

"Wamempa mwengine?"

"Watanambia jioni."

"Mahmood, mimi..."

"Kaa, dada."

"Siwezi."

"Najua. Basi simama huku, kwenye kivuli."