Mlinzi wa Nyasi Zilizokatazwa Mvua

Shemeji yangu Sekake ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kulipwa ili mvua isinyeshee nyasi. Kazi hiyo aliifanya mwaka wa tatu wa ukame, wakati mvua yenyewe haikuwapo, na aliifanya kwa bidii kuliko kitu chochote alichowahi kufanya, isipokuwa kunidhulumu.

Mume wangu alipofariki, kabla hata sijavua nguo za msiba, Sekake alipanda juu ya nyumba yangu na nyundo. Alisema mabati yalinunuliwa kwa ng'ombe wa baba yao, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Alikuwa na adabu zake. Kila bati alilong'oa aliniomba nilipokee chini, lisije likapinda. Nikayapokea yote manane. Alipomaliza akajifuta jasho, akasema, "'Mamohau, mwanamke hodari huezeka kwa nyasi, kama mama zetu."

Nyasi zipi? Nyasi za kuezekea humea mlimani nyuma ya kijiji, kwenye hifadhi ya chifu, na hakuna anayezigusa mpaka chifu atangaze kwamba hifadhi imefunguliwa. Nilitandaza plastiki juu ya kuta, nikaikandamiza kwa mawe, nikangoja. Mwaka wa kwanza chifu alisema nyasi bado fupi. Wa pili alisema tuvumilie. Wa tatu hakusema kitu. Palipokuwa na nyasi palikuwa pameota sehalahala, kichaka ambacho hata mbuzi hukigeuzia kisogo, na kati ya kichaka na kichaka ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya jiko. Mchwa waliokuwa wakivuta majani makavu chini walikuwa wametoweka. Mavi ya ng'ombe yalikaa juu ya ardhi mwaka mzima, makavu kama sahani, kwa kuwa hakukuwa na mdudu wa kuyala. Nilipiga jembe pale, sikuona hata nyungunyungu mmoja.

"Morena," nikamwambia chifu, "udongo umekufa."

Akajibu kwamba wanawake husema mambo mengi.

Kisha akaja Ausi Keneuoe, binti wa chuo, akasema maneno yale yale, akapewa kiti.

Alitaka kujua nyasi na viumbe vidogo vya udongoni vitakuwaje ukame ukizidi. Akachagua kipande kidogo chenye nyasi zilizosalia, akasimamisha mapaa sita ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, bila kuta, kila paa juu ya nyasi zake. Chini yake, na nje pia, akazika vifuko vya chai. Udongo wenye uhai hula majani ya chai, alisema, uliokufa huyaacha. Akatafutwa mlinzi. Chifu akamtoa Sekake, kwa sababu ana uzoefu wa mapaa.

Kwa hiyo nyasi zilikuwa na paa, mimi sina.

Sekake alivaa blanketi lake la harusi kazini. Tulipopita na kuni alituambia, "Msiteme mate hapo, mama zangu. Ni unyevu huo." Wingu likitokea, hata dogo, alilikodolea macho kama mtu anayemtazama mwizi. Baada ya miezi mitatu vifuko vilifukuliwa. Vya nje vilikuwa vimeliwa nusu. Vya chini ya mapaa vilitoka vizima, na Sekake akachemsha kimoja.

"Kina rangi bado," alituambia kisimani. "Kinataka sukari tu."

Kwetu mvua ikigoma, wanawake wa kijiji kimoja huvamia kijiji kingine na kuiba mwiko wa kusongea papa, ugali wetu, nyumbani kwa mke wa chifu. Wenye mwiko huwakimbiza. Mwiko hurushwa mkono hadi mkono, na atakayeufikisha kwao ameshinda. Kesi hakuna. Anayeshtaki jambo la siku hiyo anaifukuza mvua.

Wanawake wa Ha Sephoko, kijiji jirani, walitujia mchana wa Jumatano, lakini hawakwenda kwa mke wa chifu. Walikuwa wamesikia kwamba mvua yetu imefungwa mlimani kwa mapaa, wakaona mwiko hautasaidia kitu. Wakang'oa paa moja, wakalibeba vichwani, wakateremka mbio wakiimba. Sekake alikuwa nyuma yao, blanketi limemnasa miguuni.

"Mama zangu, hilo ni la chuo."

"Mwambie chuo aje kutukimbiza, ntate," akajibu 'Mathakane, kiongozi wao, bila kugeuka.

Mimi nilikuwa nakata kuni. Kitu cha kijiji kikiibwa siku hiyo, mwanamke wa kijiji hukimbiza. Lakini sikukimbilia heshima ya kijiji. Nililiona paa. Nikamfikia 'Mathakane kwenye korongo, nikashika ukingo.

"Achia, 'Mamohau, litakukata."

"Mikono hii imeshapokea manane. Achia wewe."

Akacheka, na mtu akicheka mikono hulegea. Wenzangu wakafika, paa likarushwa, likadakwa, likarushwa tena, na mara ya mwisho lilikuwa kichwani kwangu, upepo ukinisukuma nyuma. Sikulipeleka kwa chifu. Nililipeleka kwangu, nikalipandisha juu ya chumba ninamolala. Likaenea kana kwamba nilipimiwa.

Sekake alifika akihema. "Shemeji, lishushe."

"Panda mwenyewe. Njia unaijua."

Akaenda kushtaki. Chifu akakuna kidevu, akamwuliza kama anataka mvua isije kabisa.

Siku ya pili alikuja Keneuoe. Nilingoja anifokee. Akatazama juu, akatazama chini, kisha akaomba jembe. Akachimba kando ya kitanda changu, akausaga udongo kwa vidole. Haukuwa na mzizi wala mchwa wala nyungunyungu.

"Mama, hapa pana miaka mingapi bila nyasi wala mvua ya kutosha?"

"Nimeolewa hapa miaka ishirini na mbili."

"Mlima unaelekea kuwa hivi," akasema, na hakuwa anatania. "Sikuwa na mfano wa udongo uliokauka kufikia hapa."

Akazika vifuko vitatu chini ya kitanda. Akaandika namba sita mlangoni, akaagiza paa lisiguswe na mtu miaka mitano. Na kwa kuwa kila paa lazima lilindwe, na mlinzi ni mmoja, akamwelekeza Sekake zamu zake. Asubuhi mlimani, mchana mlangoni kwangu.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, mchana. Sekake alibisha.

"Shemeji, nifungulie. Nalowa."

Nilikuwa nimelala chali, natazama matone yakigonga juu ya uso wangu bila kunifikia.

"Utakanyaga udongo wa watu," nikamwambia. "Ni unyevu huo."